Upepo wa Sebuleni

Tarehe 18 Agosti 2020 toleo jipya la Microsoft Flight Simulator, mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege (simuleta), liliingia sokoni. Siku tisa baadaye kimbunga Laura kikapiga pwani ya Louisiana, Marekani, karibu na mji wa Cameron, kikiwa na upepo wa kilomita 240 kwa saa. Wakati wakazi wa huko wakikimbilia bara, wachezaji wa nchi mbalimbali walikuwa wakielekea upande wa pili. Waliwasha kompyuta zao, wakachagua uwanja wa ndege ulio karibu na Ghuba ya Meksiko, wakapaa kulifuata jicho la kimbunga. Programu ilikuwa ikivuta taarifa za hali ya hewa ya dunia zilivyo saa ileile, kwa hiyo wingu lililokuwa likiezua mapaa Louisiana lilijiviringisha pia kwenye skrini za watu waliokaa sebuleni na kikombe cha chai pembeni. Picha zikazagaa mitandaoni kwa siku kadhaa.

Zilikuwa picha nzuri. Jambo ambalo picha haiwezi kulionyesha ni jinsi ndege ilivyotikisika, na hapo ndipo ugumu wote wa kuiga hali ya hewa ulipo. Kuchora mawingu kumekuwa rahisi mwaka hadi mwaka kadiri kompyuta zinavyopata nguvu. Upepo hauchoreki. Mchezaji anaujua kwa yale tu unayoitenda ndege, na rubani wa kweli anayejaribu simuleta nyumbani hugundua kasoro zake kwa haraka kuliko anavyogundua mti uliochorwa vibaya.

Kuna dhana moja ya kuondoa kwanza. Wengi hudhani upepo huisukuma ndege iliyo angani kama mtu anavyosukuma mkokoteni. Sivyo. Ndege ikishaacha ardhi inakuwa ndani ya hewa, na hewa ikisafiri, inasafiri nayo. Abiria anayetembea kutoka omo hadi tezi ndani ya kivuko cha Kigamboni hachoki zaidi kwa sababu maji yanakwenda upande fulani. Mkondo unabadilisha mahali kivuko kinapofikia, miguu yake haiujui. Cessna inayokwenda noti 100 (noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa) ikikutana na upepo wa mbele wa noti 20 usiobadilika, mwendo wake juu ya ardhi unakuwa noti 80. Upepo huohuo ukiwa wa nyuma, unakuwa noti 120. Katika hali zote mbili mbawa zinakatiza hewa kwa noti 100 zilezile, na rubani aliyefumba macho asingeweza kuzitofautisha.

Kinachohisiwa ni badiliko. Upepo wa mbele wa noti 20 ukigeuka ghafla kuwa wa nyuma wa noti 20, ndege ina uzito wake na haiwezi kuongeza kasi papo hapo. Mbawa zilizokuwa zikipata noti 100 zinabaki na 60, na kwa ndege ndogo hapo pamekaribia sana kiwango ambacho mbawa haziwezi tena kuibeba. Kwa hiyo ubora wa upepo wa simuleta haupimwi kwa kuuliza kama noti 12 za uwanjani ni 12 kweli. Unapimwa kwa kuuliza noti hizo zinabadilikaje kutoka sekunde hadi sekunde, kutoka futi 500 hadi ardhini, kutoka upande mmoja wa kilima hadi wa pili. Bahati mbaya, karibu taarifa zote za upepo zinazopatikana duniani zimeondolewa mabadiliko hayo kabla hazijatoka kituoni.

Chukua ripoti ya METAR, ambayo ndiyo chakula cha simuleta nyingi. Viwanja vya ndege huitoa kila saa au kila nusu saa kwa maandishi ya mkato. Ya Uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, inaweza kusomeka hivi: HKJK 121200Z 07012KT 9999 SCT025 25/13 Q1019. Maana yake ni kwamba tarehe 12, saa tisa alasiri kwa saa za Afrika Mashariki, upepo unatoka nyuzi 70 kwa noti 12. Macho yanafika kilomita 10 au zaidi. Mawingu yametawanyika futi 2,500 juu ya uwanja. Joto ni nyuzi 25, kiwango cha umande 13, mgandamizo wa hewa 1019. Mstari mmoja, na rubani yeyote duniani anauelewa.

Lakini zile noti 12 ni wastani wa dakika kumi, uliopimwa kwenye mlingoti wa mita 10. Kuna kanuni nyingine isiyojulikana sana nje ya taaluma: mpimaji huandika vishindo vya upepo, kwa herufi G, pale tu vinapouzidi wastani kwa noti 10 au zaidi. Upepo wa wastani wa 12 unaofika 20 kisha ukashuka hadi 5, mara kadhaa ndani ya dakika moja, unaandikwa 12 bila neno lolote la ziada. Simuleta ikisoma mstari huo kwa uaminifu inavumisha noti 12 zilizonyooka, na ndege inatua kana kwamba imewekwa kwenye reli. Programu imetii taarifa kikamilifu na bado imedanganya.

Matoleo ya mwanzo ya simuleta hayakuwa na tatizo hili kwa sababu hayakuwa na taarifa. Bruce Artwick, aliyeandika simuleta ya kompyuta za nyumbani mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambaye kazi yake Microsoft waliitoa kwa jina lao mwaka 1982, alimwachia mchezaji apange upepo na mawingu mwenyewe. Mwaka 1999 Flight Simulator 2000 ikaanza kupakua hali halisi ya hewa kupitia intaneti. Ilikuwa hatua kubwa, na ikazaa kero ambayo haikuwapo.

Vituo vinavyotoa METAR viko mbali kimoja na kingine. Ulaya hilo si neno, lakini juu ya Bahari ya Hindi au nyika ya kaskazini mwa Kenya ndege hukaa muda mrefu bila kuwa karibu na kituo chochote, na programu inalazimika kubahatisha katikati. Katika Flight Simulator X ya mwaka 2006 ubahatishaji huo ulijulikana kwa vituko vyake. Ndege kubwa iliyotulia kwenye futi 35,000, imekabidhiwa kwa mtambo wa kujiongoza, iliweza kupata upepo wa mbele uliogeuka kuwa wa nyuma kufumba na kufumbua, eti kwa kuwa programu imehama kutoka taarifa ya kituo kimoja kwenda nyingine. Kipima mwendo kiliruka, kengele zikalia, abiria wa kufikirika wakamwagikiwa kahawa. Fizikia ya ndege ilikuwa sahihi kabisa. Anga ndilo lililokuwa halina akili. Likaibuka soko la programu za nyongeza, mashuhuri kati yake zikiwa FSUIPC na Active Sky, ambazo miongoni mwa kazi zake ni kuulainisha upepo ili usiruke. Watu wakalipa pesa ili upepo wa bandia usibadilike.

Dawa ya mapengo kati ya vituo ni mfumo wa utabiri wa dunia nzima. Marekani inaendesha mmoja uitwao GFS, unaokokotolewa mara nne kwa siku na kutolewa bure kwa umma, ukiwa umeigawa dunia katika miraba ya robo nyuzi, yaani takriban kilomita 28 kwenye ikweta. X-Plane 12, ya kampuni ya Laminar Research, hutumia taarifa za mfumo huohuo wa Marekani. Microsoft na watengenezaji wake Wafaransa, Asobo wa Bordeaux, waliingia ubia na Meteoblue ya Basel, Uswisi, kampuni iliyotoka katika chuo kikuu cha mji huo. Walieleza kuwa anga lao limegawanywa katika masanduku milioni 250, kwa tabaka 60 kutoka ardhini hadi juu kabisa ya njia za ndege. Mchezaji anaporuka kutoka sanduku moja hadi jingine, upepo hubadilika taratibu, na zile kengele za bure zimenyamaza.

Masanduku hayo nayo yana ukubwa wake, na ndani ya sanduku kila kitu ni wastani. Mfano mzuri wa yanayopotea humo uko Turkana. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna mfereji wa ardhi ya chini, na upepo wa kusini-mashariki unaotoka Bahari ya Hindi hubanwa humo ukaongeza kasi. Wanasayansi J. H. Kinuthia na G. C. Asnani waliuandikia mkondo huo mwaka 1982. Leo kuna mitambo 365 ya kufua umeme karibu na Loiyangalani, yenye uwezo wa megawati 310, iliyojengwa pale kwa sababu upepo wake haukosekani. Mwaka 2021 watafiti walirusha maputo ya vipimo kutoka Marsabit na kukuta kwamba hifadhi za kimataifa za taarifa za hewa huupa mkondo huo nguvu pungufu ya uliyo nayo. Mchezaji anayeruka kutoka Marsabit kwenda Lodwar na upepo unaotokana na taarifa za namna hiyo huenda akapewa safari tulivu kuliko ya rubani wa kweli aliye njia hiyohiyo. Hakuna aliyekosea katika kuandika programu. Mfereji na milima vimechanganywa katika mraba mmoja vikawa mteremko wa upole.

Ziwa Viktoria linaleta tatizo la namna nyingine, la saa. Mchana mawingu ya radi huota nchi kavu kuzunguka ziwa; usiku hewa ya nchi kavu hushuka kuelekea majini kutoka kila upande, ikakutana katikati, ikapanda, na radi zikahamia ziwani. Utabiri unajua kwamba radi zitakuwapo. Kusema zitaanza saa ngapi, na kama zitaangukia Kisumu au Musoma, ni jambo jingine. Hapo METAR ya Kisumu inakuwa mwamuzi bora kwa uwanja wenyewe, na masanduku ya utabiri yanakuwa bora kwa kila mahali pengine, na vyote viwili mara nyingi havikubaliani. Microsoft walipoanza kuchanganya METAR na utabiri mwaka 2021, wachezaji walilalamikia viwanja vilivyokuwa na mawingu yake peke yake, yenye ukingo unaoonekana, yakiwa kama kisiwa ndani ya anga la rangi nyingine. Walioomba METAR kwa mwaka mzima ndio hao hao waliolalamika, ingawa kusema kweli walikuwa na haki mara zote mbili.

Basi kama vishindo havimo kwenye taarifa, vinatoka wapi? Vinatungwa. Wahandisi wa ndege wamekuwa wakivitunga kwa kanuni tangu zamani, kwa kutumia miundo ya hisabati yenye majina ya Hugh Dryden na Theodore von Kármán. Haisemi kishindo kijacho kitakuja lini. Inasema mfululizo wa vishindo unapaswa kufanana na nini: vikubwa vya polepole vingapi, vidogo vya haraka vingapi, na jinsi vinavyotofautiana karibu na ardhi na kule juu. FlightGear, simuleta ya bure inayojengwa na watu wa kujitolea tangu miaka ya 1990, ina miundo ya aina hiyo ndani ya mtambo wake wa fizikia uitwao JSBSim. Msukosuko uliotungwa vizuri hivi hauna tofauti na wa kweli kwa mikono ya anayeongoza. Uliotungwa vibaya hutambulika mara moja: ndege inatetemeka kwa mdundo ule ule, kama vile kuna mtu anayeitikisa.

Sehemu nyingine haihitaji kutungwa, inakokotoleka, maana ardhi inajulikana. Ndege zinazotoka Wilson, Nairobi, kwenda Maasai Mara huvuka vilima vya Ngong, vyenye kilele cha mita 2,460. Upepo wa Nairobi hutoka mashariki mara nyingi. Ukigonga mteremko hauna pa kwenda ila juu. Hesabu yake ni ya shule ya msingi: hewa inayokwenda mita 10 kwa sekunde, ikipanda mteremko unaoinuka mita moja kwa kila mita tano, inapata mita 2 kwa sekunde za kwenda juu. Nyiraba, yaani ndege isiyo na injini, hushuka kwa chini ya mita moja kwa sekunde, kwa hiyo ingeweza kuelea hapo kutwa nzima. Upande wa pili, unaoelekea Bonde la Ufa, hewa hiyohiyo inaporomoka na kujisokota, na ndege ndogo ya watalii hupata mtikisiko wake hapo. Simuleta ya Condor, iliyotengenezwa Slovenia mahususi kwa nyiraba na kutoka mwaka 2005, imejengwa karibu yote juu ya hesabu hizi: jua linapasha mteremko upi, upepo unagonga upande upi. Simuleta kubwa zilichelewa kulitilia maanani jambo hili. Matoleo mapya ya Microsoft yanakokotoa hewa inavyopita juu ya milima na hata kandokando ya majengo, na anayeruka Ngong kwa mkono anaweza kuhisi kupanda, kisha kushuka, mahali panapostahili.

Liko tukio moja ambalo programu ya nyumbani inayotegemea taarifa za hewa bado hailetewi na mtu. Tarehe 2 Agosti 1985 ndege ya Delta namba 191, aina ya Lockheed L-1011, ilikuwa ikikaribia kutua Dallas–Fort Worth ilipopita chini ya wingu la radi. Hewa baridi ilikuwa ikianguka kutoka winguni, ikigonga ardhi na kutawanyika pande zote. Ndege ilipoingia ilipata upepo mkali wa mbele, kasi ikapanda. Sekunde chache baadaye ikapata hewa inayoshuka, kisha upepo wa nyuma. Ikaanguka kabla ya kufika uwanjani, na watu 137 wakafa, mmoja wao akiwa barabarani ndani ya gari. Mwanasayansi wa Chicago, Tetsuya Theodore Fujita, alikuwa ameshaeleza mporomoko wa aina hiyo alipochunguza ajali ya New York ya mwaka 1975. Baada ya Dallas, upepo uliorejeshwa kutoka kwenye kinasa taarifa cha ndege ukaingizwa katika simuleta za kufundishia marubani, ili wajifunze kuutambua na kutoka.

Mporomoko huo hauzidi kilomita nne kwa upana na huisha ndani ya dakika chache. Mraba wa kilomita 28 hauuoni, na METAR ya nusu saa hutolewa ukiwa haujaanza au umekwisha. Wa darasani umewekwa kwa makusudi na mwalimu. Anayetaka kuujaribu nyumbani itabidi naye auweke kwa mkono, na hakuna aibu katika hilo.

Upepo ukishapatikana, lazima kuwe na ndege inayoweza kuupokea. Flight Simulator X iliihesabu ndege kama nukta moja: upepo ulipobadilika, ndege nzima ilibadilikiwa kwa pamoja. Ndege ya kweli ina mbawa mbili zilizo mbali, na kishindo kikifika bawa la kushoto kwanza, ndege inainama kulia. Austin Meyer aliijenga X-Plane miaka ya 1990 kwa kukata mbawa na rafadha katika vipande vidogo, kila kimoja kikihesabiwa hewa yake, na hii ndiyo sababu wahandisi waliipenda mapema. Asobo nao wakaja na zaidi ya sehemu 1,000 za kuhesabia juu ya mwili wa ndege. Gharama yake iko kwenye mashine: hesabu hizo hurudiwa mara nyingi kila sekunde, na kompyuta ya kawaida huanza kutoa moshi, kwa kusema tu.

Hapo ndipo mchezaji wa Afrika Mashariki anapopiga hesabu yake mwenyewe. Simuleta inayovuta picha za dunia nzima na masanduku milioni 250 inataka intaneti isiyokatika na kompyuta ya bei kubwa. METAR, kwa upande mwingine, ni herufi chache. Hata bando la kuunga-unga linaipakua. FlightGear inaweza kuisoma ripoti ya kituo kilicho karibu na kuijengea anga, na mtu akiongeza kwa mkono msukosuko kidogo na vishindo vya noti 6 au 7 juu ya wastani, anapata kutua Kisumu kwa jasho zaidi kuliko anayetumia programu ghali iliyoachwa na noti zake zilizonyooka. Picha zitakuwa duni. Mikono haitajua.

Kosa moja la kukagua katika simuleta yoyote ni la dira. Upepo wa METAR huhesabiwa kutoka kaskazini ya kweli ya ramani, ilhali namba za njia za kurukia, na upepo anaoutamka mwongozaji wa mnarani, hufuata kaskazini ya sumaku. Programu ikizichanganya, mchezaji wa Seattle, ambako tofauti ni kama nyuzi 15, atapewa upepo wa ubavuni usiokuwapo. Nairobi na Dar es Salaam tofauti hiyo ni ndogo sana, kwa hiyo kosa linaweza kukaa miaka bila kuonekana.

Mahali pazuri pa kuanzia ukaguzi ni Zanzibar. Uwanja wa Abeid Amani Karume una njia moja inayokwenda karibu kusini–kaskazini, yenye namba 18 upande mmoja na 36 upande wa pili. Mwezi wa Julai kusi ikivuma, ndege hutua zikielekea kusini kwa namba 18. Januari, wakati wa kaskazi, hugeuka zikatumia 36. Asiye na METAR wala utabiri anaweza kuwasha simuleta Julai alasiri, akafungua ramani na kutazama mshale wa upepo, kisha akapaa kwa mkono na kuzunguka kisiwa kwenye futi 1,000. Mshale ukionyesha upepo unaotoka kaskazini bila mvua wala wingu la kulieleza badiliko hilo, aangalie kwanza kama programu imeshindwa kupakua taarifa na ikabaki na upepo wa zamani, kabla ya kushuku kasoro yoyote ya hisabati.